Bonyeza Tano kwa Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu alikuja jana. Hakuketi. Mtu akija kwako asiketi, jua amekuja na neno. Alisimama katikati ya ofisi yangu, akazitazama kamusi, akakitazama kiti cha wateja ambacho siku hizi kinakaliwa na vumbi, kisha akasema kodi ya chumba hiki inaisha Jumatano ya wiki ijayo na hatailipa tena. Miezi minne bila mteja, Baba. Nikamsahihisha. Mitatu na nusu. Februari nilitafsiri cheti cha chanjo cha mbwa. Akasema nihamie kwake. Chumba kipo, televisheni ipo, mkweo ameshatandika kitanda.

Nimekiona hicho chumba. Kitanda chini, masanduku juu yake, na kiti kimoja kinachotazamana na televisheni. Mzee akishakalishwa mbele ya televisheni asubuhi, haondoki tena. Nimewaona wenzangu. Walikuwa watu.

Hapa, hata asipoingia mtu, mlango una maandishi: TAFSIRI, BARUA NA UHARIRI. Kule nitakuwa Babu tu, sogea Babu tufagie.

Lakini leo kumekucha! Kampuni moja ya pampu za maji inatafuta mfasiri wa kitabu cha maelekezo. Kurasa mia mbili na kumi na mbili! Kazi ya miezi mitano. Chumba kimepona, nikasema. Nikapiga pasi shati, nikaenda. Afisa ununuzi wao ni mama mwenye miwani ya mnyororo. Akaigeuza kadi yangu mbele na nyuma, akauliza kama namba ile ni ya ofisi au ya mfukoni. Nikamweleza kwamba swali lake, kwa hakika, ni maswali mawili. Akatazama saa. Akasema utaratibu wao hauruhusu kumpa kazi mtu. Kazi hupewa ofisi, na ofisi ina simu yake. Ijumaa saa nne kamili asubuhi atawapigia waombaji. Atakayepokea kama ofisi, kitabu ni chake.

Waombaji tuko wawili. Wa pili alikuwa ameketi nyuma yangu, kofia magotini. Mihuri! Jirani yangu wa korido moja, ukuta mmoja. Tunamwita hivyo kwa sababu ana mihuri kumi na mmoja ya mpira, na huigonga hata asipokuwa na karatasi, ili mimi nisikie. Ana simu ya mezani. Ana mke wa kuipokea. Akaniambia, "Ala, Mwalimu, na wewe umo? Basi leo nitalala kwa hofu." Akacheka kwa pua.

Cheka, bwana. Cheka.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa. Namba ya mtandaoni!

Nieleze, maana huenda siku moja mtu akaisoma shajara hii naye hajui. Hii ni namba ya simu isiyo na waya, isiyo na laini, wala chombo chake yenyewe. Inaishi kwenye mtandao. Mtu akiipiga, inalia ndani ya simu uliyo nayo, kupitia programu. Meseji pia inapokea. Ni kama mtu asiye na nyumba lakini ana anwani, na barua zake zinafika. Bei yake ndogo mno. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuirekodia salamu na kuiwekea idara: kwa hili bonyeza moja, kwa lile bonyeza mbili. Mpigaji anadhani kaingia jengo la ghorofa sita. Kumbe kaingia mfukoni mwa shati langu.

Nilianza saa mbili na nusu asubuhi. Programu ikataka neno la siri. Nikaandika methali. Ikakataa, eti ndefu. Nikaandika nusu ya methali. Ikataka na tarakimu. Methali gani ina tarakimu? Nikaweka saba mwishoni, ikaridhika.

Kisha ikasema imenitumia msimbo kwa meseji, niuandike ndani ya dakika kumi. Haukufika. Nikagundua simu yangu imejaa meseji elfu moja na mia nne, haina pa kupokelea nyingine. Nikaanza kufuta. Lakini mimi sifuti kitu nisichokisoma. Ndiyo tabia niliyotoka nayo darasani baada ya miaka thelathini na mmoja. Nikiwa bado kwenye bahati nasibu za mwaka juzi, dakika kumi zikaisha. Nikaomba msimbo wa pili. Ukaisha. Wa tatu. Ukaisha.

Huko chini nikakutana na meseji za marehemu mke wangu. Ya mwisho ilisema: "Rudi na chumvi. Usimweleze mwenye duka kitu, nunua tu uje." Nikakaa nayo kidogo. Hiyo sikuifuta.

Msimbo wa nne ulipita saa tisa alasiri. Nikapelekwa kuchagua namba. Zenye mikia mizuri, kama saba saba saba, zina bei yake. Chini kabisa ya orodha ilikuwepo moja peke yake, bei ya kutupa. Mtu mwenye shaka angeshuku. Mimi nikaichukua mbio kabla Mihuri hajaiona. Dakika sitini kwa mwezi, malipo yamekamilika, hongera.

Nina ofisi!

Ukutani muhuri ukagonga. Gonga, baba, gonga. Siku zako zinahesabika.

Jumatano, 5 Juni

Sauti. Ofisi ni sauti. Nikamwita mdogo wangu wa kike, ambaye alitangaza safari katika kituo cha mabasi kwa miaka ishirini na miwili. Nikamkabidhi salamu niliyoiandika. Kurasa mbili na robo.

Akasoma ya kwanza, akanitazama. Akasema, "Kaka, mtu akipiga simu anataka kujibiwa. Hakuja kusoma." Nikamwambia kwamba mteja akielewa huduma tangu mwanzo, huwa hasumbui baadaye. Akasema mteja akielewa hayo yote atakuwa ameshazeeka. Kisha akaishika simu yangu, akakohoa, akarekodi kwa kichwa: karibuni, kwa tafsiri moja, barua mbili, uhariri tatu, fedha nne, mkurugenzi tano, asanteni. Sekunde ishirini! Mbio kama gari linaondoka. Nilikuwa nangoja aseme tushike mizigo yetu.

Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi ngazini. Nikarudi nikaifuta.

Si kwamba nina kiburi. Lakini aliruka aya ya pili yote, ambayo ndiyo roho ya salamu. Humo ninaeleza tofauti ya mfasiri na mkalimani: mfasiri huandika, mkalimani husema. Watu wazima na akili zao wanachanganya! Nimeirekodi mwenyewe, kwa sauti ya chini kidogo, ya mtu mwenye zulia. Dakika nne kamili. Mwanzoni ninamwomba mpigaji asibonyeze chochote kabla sijamaliza, kwa faida yake mwenyewe.

Nikaipigia kwa simu ya mlinzi wa chini ili nisikie inavyokuwa. Nikaisikiliza yote. Nzuri. Nikarudia mara tatu. Mara ya nne nikagundua nasema "kwa hakika" mara saba, lakini kwa hakika si vibaya. Mlinzi akaomba simu yake.

Jioni meseji ya kwanza ikaingia katika namba mpya. Moyo ukaruka. Imeandikwa: "Lori linakuja lini? Shimo la choo limejaa hadi mlangoni."

Nimeisoma mara nyingi. Nadhani ni mtu kakosea.

Alhamisi, 6 Juni

Hakukosea mtu. Nilikosea mimi.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi simu ya kwanza. Mwanamume anataka gari la kunyonya choo. Saa moja, mwingine. Saa moja na nusu, wa tatu, huyu na kilio. Wa nne akanieleza yote. Namba hii, hadi miezi miwili iliyopita, ilikuwa ya bwana mmoja mwenye lori la kunyonya vyoo. Aliiandika kwa rangi nyekundu kwenye kuta za nusu ya mji. Akauza lori, akaiacha namba. Kuta hazijaiacha. Ndiyo maana ya bei!

Lakini niandike na hili, maana ni la ajabu. Wote wanne waliisikiliza salamu hadi mwisho. Mtu mwenye choo kilichofurika ana subira ambayo sikuwahi kuipata darasani.

Saa nne akapiga mama mwenye nyumba ya vyumba kumi na sita na choo kimoja. Akabonyeza moja. Nikapokea kwa sauti nyembamba: idara ya tafsiri. Akaulizia lori. Sikutaka aone ofisi imeishia hapo, nikamwambia namuunganisha na idara ya barua. Nikahesabu hadi tano, nikapokea kwa pua. Akaulizia lori. Nikamuunganisha na fedha, nikapokea kwa koo. Akasema, "Nyie wote hapo ofisini mna mafua ya aina moja?" Anataka mkurugenzi. Nikampa mkurugenzi.

Alinifokea hadi pumzi ikamwishia. Mkurugenzi gani mimi, nimeketi kwenye kiti huku wapangaji wake wanaruka dimbwi kama vyura? Nikangoja amalize. Nikamweleza, taratibu, kwamba hii ni ofisi ya lugha. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado yupo, nikamweleza kwa nini shimo hujaa upesi: maji ya kufulia yasimwagwe chooni, bomba la hewa lisizibwe, na kadhalika. Nilisoma jambo hilo zamani katika kijitabu nilichokihariri. Akasema asante, Baba. Akaongeza, "Halafu sikujua kwamba mkalimani ni wa kusema na mfasiri ni wa kuandika. Mimi nilidhani ni mmoja."

Niliiweka simu chini. Miaka mingapi tangu mtu anirudishie nilichomfundisha? Dakika kumi na sita na yule mama, na sikuona hata moja ikipita.

Nilipotoka kwenda bombani, Mihuri alikuwa koridoni akifuta kofia. Ukuta wetu ni mwembamba. Akasema, "Mwalimu, nasikia umefungua idara ya vyoo. Hongera. Huko nako kuna kutafsiri?" Nikamjibu kwamba ofisi kubwa hupokea wote. Akasema kweli, harufu imeshafika kwake.

Sasa hatari. Kesho saa nne afisa ununuzi atapiga. Wa vyoo wakijazana, atapitia wapi? Nimefikiri hadi adhuhuri, nimepata. Nimeongeza aya katika salamu, mara baada ya ile ya wakalimani, inayowaeleza wa vyoo kwamba hapa si penyewe, inawapa pole, inawaeleza historia fupi ya ile namba, na kuwaomba wabonyeze sita, ambako hakuna mtu. Salamu sasa ni dakika tano na nusu. Tatizo limekwisha kisayansi.

Alasiri programu ikanitumia ujumbe: umetumia asilimia themanini ya dakika zako. Themanini kwa mia, siku ya tatu! Nilimwogopa kidogo mwenye ofisi yenye simu nyingi namna hiyo. Kisha nikaona haiwezekani. Mazungumzo yangu leo hayafiki nusu ya hapo. Wameweka na salamu, wajinga hawa. Salamu si mazungumzo! Kila aliyelelewa anajua: watu husalimiana kwanza, hujuliana hali, ndipo maneno yaanze. Huwezi kumhesabia mtu neno kabla hajafikia neno. Nimewaandikia barua ya kuwaeleza, na nina hakika watarekebisha kabla ya kesho. Sikuongeza dakika. Kuongeza kungekuwa kukubali kosa lisilo langu.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi mama wa vyumba kumi na sita alipiga kushukuru. Kapata gari kwingine, wapangaji wamepewa amri ya maji ya kufulia. Akasikiliza salamu mpya yote, akasema ile ya historia imemgusa. Tukaongea kidogo. Jumla dakika nane. Mimi huyo, kifua mbele.

Saa tatu na nusu nilivaa tai. Nikasafisha koo kwa sauti tano. Saa nne kasoro moja nikaiweka simu mezani katikati, kama yai.

Saa nne kamili. Kimya.

Saa nne na dakika moja. Mbili. Tatu. Kimya. Nikasema mama huyu si mtu wa saa. Nne. Simu ikatetemeka mara moja, ikanyamaza: ujumbe kutoka kwa programu. Sikuusoma, nilikuwa nangoja simu.

Saa nne na dakika tano, ng'ambo ya ukuta, simu ya mezani ya Mihuri ikalia. Ikalia mara mbili tu. Mkewe akasema, "Ofisi ya tafsiri, karibu." Maneno manne! Hata hakujieleza! Kikapita kicheko, kikapita "ndiyo, ndiyo, bila shaka", kisha muhuri ukagonga. Ukagonga tena.

Ndipo nikausoma ujumbe. Dakika zako zimekwisha.

Nikashuka ngazi mbilimbili, na tai, nikaenda kwa miguu hadi kwenye kampuni ya pampu. Afisa ununuzi alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Akasema alinipigia mimi kwanza, saa nne kamili. Alisikiliza. Aliambiwa asibonyeze, hakubonyeza. Simu yangu haikulia kwa sababu hailii hadi mpigaji abonyeze. Na yeye, mtu wa utaratibu, aliutii utaratibu wangu. "Nilijifunza mengi, Mzee," akasema. "Nilishafika kwenye vyoo. Simu ikakatika." Dakika nne za mwisho za mwezi mzima, alizimaliza yeye, akiwa ameketi ananisikiliza nikimweleza kwamba yeye si mtu wa choo.

Nikamweleza kwamba salamu haihesabiwi. Akaivua miwani. Akauliza kwa upole kama ile sauti ya salamu ni yangu. Nikasema ni ya sekretari. Akasema kazi imeshakwenda, Baba. Akanisindikiza hadi getini. Hawasindikizwi waliopata.

Njiani kuna ukuta wenye namba yangu kwa rangi nyekundu. Juu yake pameandikwa: TUNAFIKA POPOTE.

Jumamosi, 8 Juni

Sikufungua dirisha.

Barua yangu imejibiwa na mashine: tunathamini maoni yako. Nikaongeza dakika sitini nyingine hata hivyo, kwa wakala wa chini. Siwezi kuiacha namba ikifa na watu wanaipiga.

Mdogo wangu alikuja. Alishasikia, mlinzi ana mdomo. Hakunicheka. Alisafisha meza, akasema tu, "Kaka, ile yangu ya sekunde ishirini irudishe." Nikamweleza kwamba kasoro haikuwa urefu wa salamu bali ufupi wa dakika. Akasema sawa Kaka. Akasema tena, sawa. Alipofika mlangoni akageuka akasema wifi yake, yaani marehemu mke wangu, alikuwa na kazi. Sikumwelewa.

Jioni mwanangu akaleta maboksi matupu, ya sabuni. Akayapanga kwa ukubwa, mlangoni. Jumatano, Baba. Nikamwambia bado siku nne. Dunia iliumbwa kwa sita. Akasema na huyo aliyeiumba hakuanza kwa salamu.

Ametoa wapi huyu mtoto mdomo huo?

Jumatatu, 10 Juni

Nimepakia kamusi za A hadi M. Kila moja niliifungua kwanza. Nilifika herufi ya D saa nane mchana.

Simu mbili, zote za choo. Niliwapokea kwa sauti yangu ya kawaida. Mmoja akauliza nina umri gani. Nikamwambia. Akasema pumzika, Mzee.

Nimeketi kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza tangu nilipokinunua. Kigumu. Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?

Jumanne, 11 Juni

Leo lazima niandike kila kitu.

Saa tatu asubuhi mlango ukagongwa. Mihuri, bila kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, kichwani au mkononi. Ana kipara kidogo, cha kusikitisha. Ameshika kitabu cha pampu. Hakuketi hadi nilipomkaribisha.

Akasema hakielewi. Amekaa nacho siku tatu. Yeye, akasema, ni mtu wa vyeti: jina, tarehe, muhuri. Humu kuna valvu, kuna shinikizo, kuna sentensi inayoanza ukurasa wa tisa na kumalizikia wa kumi na moja. Ametafsiri aya moja, mkewe akaisoma akacheka hadi akalia. Tarehe ishirini sura ya kwanza inatakiwa, la sivyo wanakichukua.

Nikanyamaza. Nieleze kwa nini: nilikuwa nafurahi.

Akasema, "Mwalimu, tusidanganyane. Lugha ni yako. Mimi nina simu na mihuri tu." Akasema nikifanye mimi. Kitabu chote. Tugawane nusu kwa nusu. Na kuhusu chumba, kasikia. Kwake kuna meza ya pili, dirishani, haina mtu. Nizivushe koridoni kesho kamusi zangu, jina langu liandikwe mlangoni juu ya lake. Juu! Alisema mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema miaka yote hii amekuwa akigonga muhuri mtupu ajue kama nipo, nikikohoa, anatulia.

Macho yalitaka kunisaliti. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Lakini nikafikiri. Huyu amekuja na ombi la kikazi. Mlangoni, bila hata barua, kama mtu anayeazima kijiko! Ofisi haifanyi kazi hivyo. Ijumaa nilipoteza kwa sababu ya utaratibu. Leo utaratibu uko upande wangu, nami niuache? Nikamwambia ninamshukuru, ombi lake ni zuri, na ninaliangalia kwa jicho jema. Alipitishe katika namba ya ofisi. Abonyeze moja.

Akanitazama. Akasema, "Mwalimu, niko hapa." Nikasema naona. Akasema, "Nipige simu, na wewe uko hapo?" Nikamweleza kwamba ndiyo maana halisi ya idara.

Alitoka. Mlango niliuacha wazi kiasi cha kiganja. Akasimama koridoni, kitabu kwapani, akatoa simu, akaivaa miwani, akaipiga namba. Nami nikaiweka yangu mezani, nikanyoosha tai. Mtu mwema! Namsikia kule koridoni akisikiliza, na sauti yangu mwenyewe nyembamba kama ya nzi ikitoka sikioni mwake. Karibu. Usibonyeze. Huduma zetu. Mfasiri. Akabadilisha mguu. Mkalimani. Akaegemea ukuta. Nilikuwa namhesabia. Alikuwa amebakiza dakika mbili na nusu, mbili na nusu tu!

Akaishusha simu. Hakuikata kwa hasira. Aliitazama tu, kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake. Kisha akaingia kwake, akafunga mlango polepole.

Ningeweza kutoka. Ni hatua nne; nimewahi kuzihesabu. Lakini ningetoka kama nani? Simu ilikuwa haijalia.

Alasiri nikasikia mkewe anaongea na mtu kwenye simu ya mezani, mwalimu mwingine mstaafu, wa mtaa wa pili. Karibu, kesho saa mbili, meza ipo. Maneno sita.

Muhuri haukugonga leo.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumbani kwa mwanangu. Chumbani. Kamusi ziko ndani ya maboksi ya sabuni, maboksi yako chini ya kitanda. Televisheni inaonyesha mtu anayepika, na hakuna aliyeniuliza kama namtaka. Mkwe wangu ni mwema kupita kiasi. Nikianza kumweleza kitu anasema "ndiyo, Baba" kabla ya kitenzi.

Siku mbili nimekaa kwenye kile kiti nikitafuta kosa. Mtu mwenye elimu hakai na kosa bila kulitafutia sababu. Na asubuhi ya leo nimelipata! Mihuri alikata kwa sababu hakujua faida ya kutokata. Hakuna mahali popote katika salamu yangu nilipomweleza mpigaji umuhimu wa kusikiliza hadi mwisho. Ilikuwa fupi! Fupi mno! Nimeandika utangulizi, na utangulizi wa utangulizi. Dakika saba na nusu, bila haraka.

Ile namba ya vyoo nimeirudisha. Nimechukua nyingine, ya bei ya chini hata kuliko ile. Ilikuwa chini kabisa ya orodha, peke yake. Programu imeanza kufanya kazi saa tatu, mkwe wangu akaniletea chai, nikamwomba afunge mlango maana niko ofisini.

Simu ya kwanza imeingia saa nne na nusu. Mwanamume, sauti imekauka. Amesikiliza zote saba na nusu, akabonyeza tano. Anauliza jeneza la baba yake limefikia wapi, watu wameshakusanyika.

Nimemwambia pole sana. Nimemwomba, kwa hakika, atafute mahali pazuri aketi.